MVP ya Walker isiwachanganye, laini kwanza raningi beki baadae

Tangu Kenneth Walker wa Seattle Seahawks achukue ile tuzo ya MVP (mchezaji bora wa mechi) ya Super Bowl, fainali ya NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, tarehe 8 Februari 2026, kila ukigeuka unakutana na mtu anasema raningi beki, wale wanaobeba mpira na kukimbia nao, wamerudi mjini, kwamba yale maneno ya miaka mingi kuwa raningi beki hawana thamani yamezikwa rasmi, na kwamba timu yoyote yenye pick (zamu ya kuchagua) ya juu kwenye drafti ya April 2026, pale timu zinapochagua chipukizi kwa zamu, isijiulize mara mbili, imchukue mkimbiaji Jeremiyah Love wa chuo cha Notre Dame yaishe. Naelewa yanapotoka. Walker kabeba mpira mara 27 kapata yadi 135, Seattle wamewachapa Patriots 29 kwa 13, na ni raningi beki wa kwanza kuchukua hiyo tuzo tangu Terrell Davis wa Denver Januari 1998, yani miaka 28 imepita katikati. Ila mi naona watu wameisoma ile mechi kichwa chini miguu juu. Ile tuzo haisemi raningi beki aje kwanza, inasema raningi beki ni manunuzi ya mwisho, unamleta pale ambapo wale majitu watano wa mbele wameshakaa sawa, na timu inayogeuza mpangilio huo hata ikimpata mkimbiaji mkali kuliko wote duniani inaishia kumchoma tu, miguu inaisha hakuna kilichopatikana.

Kwa waliokulia kwenye soka kama wengi wetu huku, raningi beki ni straika wa mchezo huu, ndo jina linalochapwa mgongoni mwa jezi, ndo sura ya kwenye mabango, ndo anayeonekana kwenye vile vipande vya dakika mbili vinavyozunguka WhatsApp. Laini ni kitu ambacho soka haina kabisa. Ni watu watano: senta katikati anayeutoa mpira, magadi wawili ubavuni kwake, na wawili wa pembeni, kila mmoja ana kama kilo 140 hivi na wengine wanazidi, na kazi yao yote ni kumsukuma mtu aliye mbele yao au kumzuia asimfikie kotabeki, yule mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Kupokea pasi hawaruhusiwi mpaka wajitambulishe kwanza kwa refa. Hawana takwimu. Mtu wa laini akicheza mechi nzima bila kosa hata moja jina lake halitajwi, anatajwa siku kamuachia mtu akapita akamvunja kotabeki. Sasa kwa mpangilio huo unategemea nini, yadi 135 zote zinaandikwa kwenye jina la Walker, na mtu anayesoma matokeo asubuhi anaona Walker katawala, hana namna ya kuona kingine.

Turudi nyuma kidogo tumwangalie huyo huyo Walker. Seattle walimchukua mwaka 2022 kwa pick ya 41, raundi ya pili. Ila kabla hawajamgusa, drafti hiyo hiyo, pick ya 9 waliitumia kwa Charles Cross, mtu wa pembeni kushoto, na raundi ya tatu wakamchukua Abraham Lucas wa pembeni kulia, kwa hiyo mwaka ule walinunua pembe mbili za laini na mkimbiaji mmoja, na pick ya gharama kubwa ilienda kwenye laini. Hapo katikati bado walikuwa na shimo, pembeni wapo lakini ndani hakuna mtu, na mwaka 2024 Walker akacheza mechi 11 akapata yadi 573 kwa wastani wa 3.7 kila akibeba, watu wakaanza kusema jamaa anacheza dansi nyuma ya laini badala ya kukimbia mbele. Mwaka 2025 Seattle pick yao ya kwanza, ya 18, wakamchukua Grey Zabel, gadi, mtu ambaye wengi hawakuwahi kumsikia maana katoka North Dakota State, na wakamleta Klint Kubiak kuendesha mashambulizi. Walker yule yule, miguu ile ile, wastani ukapanda mpaka 4.6, yadi 1,027, halafu Super Bowl. Na mwezi wa kwanza, kabla hata kombe halijapatikana, Seattle walimpa Cross mkataba mpya wa miaka minne wa zaidi ya dola milioni 100, Walker akaachwa amalizie mkataba wake wa drafti. Viongozi wa ile timu walishajibu swali letu kwa hela.

Hilo jina la Kubiak nalo lina stori ambayo naona watu wameipita tu. Baba yake Klint ni Gary Kubiak, na Gary Kubiak ndo alikuwa mratibu wa mashambulizi wa Denver chini ya Mike Shanahan wakati Terrell Davis anachukua MVP ya Super Bowl mwaka 1998. Yani raningi beki wawili wa mwisho kuchukua tuzo hii, wametofautiana miaka 28, wote wamekimbia ndani ya mfumo wa familia moja. Na mfumo wenyewe ni mfumo wa laini. Wanauita zoni: badala ya kila mtu wa laini kupewa adui wake wa kusukumana naye, wote watano wanapiga hatua upande mmoja kwa pamoja kama watu wanavuta jahazi, wawili wanamshika mtu mmoja mzito, wakishamtikisa mmoja anamwachia mwenzie anapanda kumfuata lainibeka, mlinzi wa mstari wa pili aliye nyuma, na ulinzi wote unalazimika kukimbilia upande huo. Mkimbiaji anatembea nao, hana haraka, anasubiri mtu mmoja tu azidishe kukimbia, nafasi ikifunguka anapiga mguu chini anakata anapita. Angalieni tena mbio kubwa za Walker kwenye ile fainali, sisi tuliokesha (huku Afrika Mashariki ilianza saa nane na nusu usiku) tuliona mara kadhaa jamaa anakata kurudi upande wa pili na hakuna mtu. Kile kipaji cha kuona na kukata ni cha Walker, simnyang'anyi. Ila ule uwazi haukujitengeneza.

Denver ndo maabara ya hii hoja na matokeo yake yapo tangu zamani. Terrell Davis alichukuliwa raundi ya sita, pick ya 196, akaja akapiga yadi 2,008 mwaka 1998. Akaumia goti 1999, akaingia Olandis Gary wa raundi ya nne, yadi 1,159. Mwaka 2000 akaingia Mike Anderson, raundi ya sita, yadi 1,487. Wakaja Clinton Portis mwaka 2002 na 1,508, Reuben Droughns mwaka 2004 na 1,240. Hao watu ukiwapanga hawafanani hata kidogo, umbo tofauti, kasi tofauti, bei tofauti, kinachofanana ni kocha wa laini Alex Gibbs na ile shule yake ya zoni. Washington nao kabla ya hapo, enzi za ile laini waliyoiita Hogs, walichukua Super Bowl tatu kwa kotabeki watatu tofauti na wakimbiaji tofauti. Ile ya pili, Januari 1988, mkimbiaji alikuwa dogo anaitwa Timmy Smith ambaye alipata yadi 204 kwenye fainali, rekodi mpaka leo, halafu kwenye msimu wa kawaida maisha yake yote ya NFL hakufikisha hata yadi 700. Mtu akiniambia raningi beki ndo injini mi namuuliza Timmy Smith alikuwa injini ya nini.

Sasa mfano unaoniuma zaidi, maana ni wa mchezaji ninayemkubali sana, Saquon Barkley. Giants walimchukua pick ya pili mwaka 2018. Pick ya sita, nafasi nne tu baadae, Colts wakamchukua gadi Quenton Nelson. Barkley mwaka wa kwanza akapiga yadi 1,307 akawa chipukizi bora wa mashambulizi, Giants wakamaliza 5 kwa 11 (ushindi 5, vipigo 11). Colts mwaka uliotangulia kotabeki wao alikuwa ameangushwa mara 56, mwaka alioingia Nelson akaangushwa mara 18, chache kuliko timu yoyote kwenye ligi, wakaingia playoffs, yani mechi za mtoano. Ndiyo najua kotabeki wao Andrew Luck alirudi kutoka majeruhi mwaka ule na yeye anaachia mpira haraka, Nelson hakuyafanya yote hayo peke yake, lakini angalia huyu Barkley miaka sita New York kashinda mechi moja tu ya playoffs, na mwaka wake wa mwisho pale, 2023, Giants waliruhusu saki 85 (saki ni kotabeki kuangushwa akiwa bado na mpira), ni timu moja tu kwenye historia ya ligi iliyowahi kuruhusu zaidi. Barkley akaishia yadi 962 kwa wastani wa 3.9. Akahamia Philadelphia, kilomita 150 tu barabarani, nyuma ya Jordan Mailata na Landon Dickerson na Cam Jurgens na Mekhi Becton na Lane Johnson, akapiga 2,005 kwa wastani wa 5.8, na ukijumlisha playoffs yadi 2,504, hakuna binadamu aliyewahi kufika huko kwa msimu mmoja. Halafu 2025 Eagles wakampa mkataba wa kuwa raningi beki wa kwanza kuvuka dola milioni 20 kwa mwaka, Becton akaondoka, Dickerson na Jurgens wakacheza na maumivu, Lane Johnson akaumia mguu, na Barkley akashuka mpaka yadi 1,140, wastani 4.1. Mtu ni mmoja. Kilichobadilika kila mara ni watu wa mbele yake.

Upande wa pili una hoja nzito na sitaki kuzipita juu juu, maana kuna wenzetu wa takwimu wamezidisha mpaka wanaongea kama raningi beki ni gunia tu, mpe mtu yeyote mpira atakimbia. Si kweli. Hao hao Eagles mwaka 2023, Jason Kelce bado yupo pale senta, laini nzuri tu labda hata kuzidi ya 2024, mkimbiaji alikuwa D'Andre Swift akapata 1,049 kwa wastani wa 4.6. Kaja Barkley imekuwa 5.8. Hiyo yadi moja na kidogo kila akibeba, mara 345, ni ya Barkley, hakuna laini inayomrusha mtu juu ya kichwa cha beki kinyumenyume kama alivyofanya kwa Jacksonville. Derrick Henry naye, kaenda Baltimore 2024 ana miaka 30, timu ikiwa imepoteza watu watatu kati ya watano wa laini, na bado kapiga 1,921 na tachidauni 16 (kuvusha mpira mstari wa mwisho, ndo bao la huku). Hapo mtetezi wa raningi beki ana haki ya kugonga meza. Mi najibu kwamba Henry mwaka mmoja nyuma, Tennessee, wastani wake ulikuwa 4.2, na Baltimore kuna kotabeki Lamar Jackson ambaye ulinzi hauwezi kumuacha hata sekunde, kwa hiyo kila mbio ya Henry kuna mtu mmoja au wawili wamegandishwa wakimwangalia Lamar, huo ni msaada ambao laini haikuutoa lakini Henry nae hakuutoa. Na mkimbiaji Christian McCaffrey alipotua San Francisco Oktoba 2022 timu iliwaka moto, ndiyo, ila alitua kwenye timu yenye Trent Williams pembeni kushoto na Kyle Shanahan benchi, mtoto wa yule yule Mike wa Denver. Ukifuatilia hizi stori za mkimbiaji aliyebadilisha timu, karibu kila mara utakuta nyumba ilikuwa imeshasimama alipoingia.

Kwa hiyo mi sibishi kwamba mkimbiaji bora anaongeza, nabisha juu ya wapi anaongeza. Barkley wa Giants alikuwa anapigwa nyuma ya mstari kabla hajapiga hatua ya pili, kile kipaji cha kumruka mtu na kumwacha beki wa mwisho kinahitaji ufike kwanza kwa beki wa mwisho. Laini ikikupa yadi tatu za bure, mkimbiaji wa kawaida anachukua nne, Barkley anachukua sitini. Laini ikikupa yadi moja chini ya sifuri wote wawili wanaanguka pale pale, na hapo ndo utaona kituko cha hili soko, mkimbiaji mkali anaisaidia zaidi timu ambayo tayari ni nzuri na anaisaidia kidogo sana timu mbovu, wakati drafti inazipa timu mbovu nafasi za kuchagua mwanzo. Raiders walikionyesha hicho kituko msimu wa 2025: Ashton Jeanty pick ya sita 2025, dogo balaa alikotoka Boise State, akaingia nyuma ya laini iliyokuwa inavuja kila upande, hakufikisha yadi 1,000, wastani chini ya nne, timu ikamaliza 3 kwa 14 na kocha Pete Carroll akafukuzwa baada ya msimu mmoja.

Kuna hoja nyingine za kumtetea raningi beki ambazo kwa kweli ni nyepesi na zinarudiwa kwa sababu zinasikika vizuri. Ya kwanza ni ile ya kwamba ukiwa na mkimbiaji anayeogopwa basi ulinzi unadanganyika kotabeki akijifanya anampa mpira halafu akarusha. Wachambuzi wa takwimu wameipima hii miaka mingi, na wanachokuta ni kwamba ile danganya toto inafanya kazi hata kwa timu zinazokimbia vibaya, maana lainibeka hana muda wa kukumbuka takwimu za mtu, akiona laini inasogea kwa pamoja na mpira unaelekea mkononi anapiga hatua mbele tu, mwili wake umefundishwa hivyo. Anachokiamini ni laini. Ya pili ni ya biashara, kwamba mkimbiaji anauza jezi na kujaza uwanja, sawa, lakini Giants waliuza sana jezi namba 26 ya Barkley na mashabiki wao wakaishia kuja uwanjani kuzomea. Ya tatu ni ya wazee wa zamani, "timu lazima iwe na utambulisho wa kukimbia", na hii huwa inanichekesha maana wanaitumia kumtetea mkimbiaji wakati huo utambulisho wanaousema, ule wa kumsukuma mtu robo ya nne mpaka akachoka, ni kazi ya watu watano ambao hawakuwataja hata jina.

Hoja inayonisumbua kweli ni nyingine na inatoka kwenye fainali ile ile. Patriots drafti ya 2025 walifanya ninavyohubiri, pick ya nne wakamchukua mtu wa laini, Will Campbell, wakamweka pembeni kushoto amlinde kotabeki Drake Maye. Na kwenye Super Bowl Campbell alipata tabu usiku kucha, Maye akaangushwa mara 6, timu haikupata hata pointi moja mpaka robo ya nne. Mtu anaweza akasema basi, mtu wa laini wa pick ya nne kapotea mbele ya macho ya dunia na raningi beki wa pick ya 41 kachukua MVP, kesi imekwisha. Tuseme kwanza kwamba Campbell alikuwa katoka kuumia goti na ni msimu wake wa kwanza, ila sitaki kujificha hapo. Ukweli ni kwamba laini hainunuliwi kwa mtu mmoja. Ni kitu cha watano ambacho nguvu yake inapimwa kwa yule dhaifu kuliko wote, maana kocha wa upinzani anakaa wiki nzima na video kumtafuta huyo mmoja, akishampata anamtumia mtu wake mkali hapo hapo kila mchezo. Ukiwa na wanne wa daraja la juu na mmoja kipofu, una laini kipofu. Mkimbiaji yeye ukimpata mmoja mkali umempata. Kwa hiyo anayesema "laini kwanza" akimaanisha tumia pick ya juu kwa jitu moja halafu nenda kalale, huyo naye hajaelewa, na bahati mbaya ndivyo timu nyingi zinavyoielewa.

Chargers ndo ushahidi wa hilo. Jim Harbaugh alipofika 2024 pick yake ya kwanza kabisa, ya tano, alimchukua Joe Alt wa pembeni akawaacha mawinga (wapokea pasi) wa bei mbaya wapite, akasema kwake watu wa laini ndo silaha, na nilimpigia makofi. Ana Rashawn Slater kushoto, Alt kulia, pembe mbili za dhahabu. Mwaka 2025 Slater akaumia kambini Agosti kabla ligi haijaanza, Alt akaumia kifundo, na nyuma yao hakukuwa na watu wa akiba, kotabeki Justin Herbert akapigwa msimu mzima mpaka kwenye playoffs dhidi ya Patriots hao hao akaangushwa mara 6, wakafungwa 16 kwa 3. Kansas City walilijifunza hili kwa machungu mapema zaidi: Super Bowl ya Februari 2021 walicheza bila watu wao wote wawili wa pembeni, kotabeki Patrick Mahomes akakimbizwa uwanja mzima kama mwizi wa kuku, 31 kwa 9. Walichofanya baada ya pale hawakununua jitu moja, walibadilisha laini nzima ndani ya kiangazi kimoja, wakamlipa Joe Thuney, wakafanya biashara kumpata Orlando Brown, wakamchukua senta Creed Humphrey raundi ya pili na gadi Trey Smith raundi ya sita. Miaka miwili baadae wakakutana na Eagles waliokuwa wamefanya saki 70 msimu ule, na kwenye fainali Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Mkimbiaji wao mkuu siku ile alikuwa Isiah Pacheco, raundi ya saba. Yadi 76 na kombe.

Umri nao ni kitu watu wanausahau. Raningi beki anaiva mapema na anachakaa mapema, miguu yake bora ni ile miaka minne mitano ya mkataba wa drafti, wakati mtu wa laini anaiva taratibu na akiiva anakaa, Lane Johnson kachukuliwa 2013 na mpaka 2025 alikuwa bado tegemeo Eagles, Trent Williams ni wa drafti ya 2010. Ukimchukua mkimbiaji kwanza kwa mpango wa kujenga laini pole pole, unakuta laini inaiva mwaka wa nne au wa tano, na mkimbiaji ndo kwanza anaanza kuchechemea na anadai hela. Soko linalijua hilo hata kama mashabiki hawalijui: mwaka 2023 timu iliyotaka kumzuia raningi beki asiondoke kwa tagi, ule mkataba wa lazima wa mwaka mmoja, ililipa dola milioni 10.1 hivi, mtu wa laini milioni 18.2, na mwaka 2025 Kansas City walimpa Trey Smith, gadi, yule wa raundi ya sita, milioni 23.5 kwa mwaka, kuzidi hata Barkley aliyevunja rekodi. Gadi! Miaka kumi iliyopita ungecheka. Naona ni uonevu kiasi fulani kwa raningi beki, mtu anagongwa mara 300 kwa msimu halafu anaambiwa wewe ni wa kubadilishwa kama tairi, na ningependa chama chao cha wachezaji kiwapiganie wapate mkataba wa pili mapema. Ila huruma yangu kwa mkimbiaji haiwezi kuwa sababu ya timu kujijenga kuanzia juu kwenda chini.

Detroit ndo walioipatia hii hesabu kwa mpangilio ninaoutaka. Walikuwa na Taylor Decker tangu 2016, Frank Ragnow tangu 2018, 2021 wakamchukua Penei Sewell pick ya saba na picha za chumba chao cha drafti zinaonyesha viongozi wanarukaruka kama wameshinda kombe, kwa ajili ya mtu wa laini. Mwaka 2023 ndo wakamchukua Jahmyr Gibbs pick ya 12, na wakasemwa sana, wakaitwa wajinga, eti raningi beki pick ya 12 ni kuchezea hela. Mimi naona wale hawakuwa wajinga, walikuwa wamemaliza zamu ya kwanza. Msimu ule wakafika fainali ya NFC (kama nusu fainali ya ligi) na uliofuata wakamaliza 15 kwa 2. Gibbs yule yule angeenda timu yenye saki 85 leo tungekuwa tunajadili kama anafaa.

Ndo maana kwa Jeremiyah Love jibu langu linategemea jezi atakayovaa. Dogo ni mkali, hilo halina mjadala. Timu yenye watu wanne wa kuaminika mbele na wa akiba wawili wanaoweza kuingia bila kotabeki kuomba dua, imchukue hata pick ya tano, sitanung'unika. Timu iliyomaliza mkiani kwa sababu kotabeki wake kalala chini nusu ya msimu ikimchukua Love itapata vipande vizuri vya video mwezi wa tisa na mwezi wa kumi na moja itakuwa inamtafuta kocha mwingine. Na Raiders, ambao wameshamuajiri Klint Kubiak huyo huyo kuwa kocha mkuu, waliingia 2026 wakiwa na Jeanty mkononi tayari na pick ya kwanza ya drafti, kila mtu akawa anaongea kotabeki gani watamchukua. Mi nasubiri kuona baada ya hapo, raundi ya pili na ya tatu na hela za wachezaji huru, watanunua magadi na senta wangapi. Wakinunua watatu, nabeti Jeanty anavuka yadi 1,400 msimu wa 2026, na watu watasema kaamka.